Bruchi ya Marehemu Ina Miaka Mingapi?

Hii ni ile hotuba yangu ya Jumamosi pale ukumbini. Wengi mmenitumia meseji kwamba hamkuweza kufika, wengine treni ziligoma, wengine mlikuwa zamu, basi nimekaa nimeiandika kama nilivoongea, utani na makosa humohumo. Zile picha za ukutani sijaziweka, mtajitahidi kuona kwa akili.

Shikamooni wazee wangu. Mama zangu, hamjambo? Kaka zangu dada zangu, poleni na safari, na nyie watoto pale nyuma naona mshaanza maandazi kabla msemaji hajafungua mdomo, sawa tu, endeleeni, ila mbaki kimya.

Kwa wasionijua, mimi nafanya kazi na watu wanaochimba makaburi. Msishtuke jamani. Hapa Uingereza ukitaka kujenga maghorofa mahali panapojulikana pana mambo ya kale chini, mara nyingi unaambiwa kwanza uwaite watu wa akiolojia wachimbe, wapime, watoe kilichomo, ndo umwage zege lako. Mimi si profesa. Mimi ni yule anayekaa kwenye kontena nyuma kule na beseni na mswaki, naosha vigae na mifupa. Vitu vya chuma na shaba siviogeshi, maji yanaviua, vyenyewe vinaingia kwenye boksi la plastiki pamoja na vile vipakti vya punjepunje mnavyovikuta kwenye boksi la viatu vipya, vinanyonya unyevu. Na ni kwenye hayo maboksi ndo nilikutana na hiki kitu ninachotaka tuongee leo.

Bruchi. Wengine mtasema bizimu. Pini kubwa ya kufungia nguo.

Swali langu ni moja tu. Umefukua kaburi la mtu aliyekufa miaka ya mwisho ya Dola ya Kirumi, jiwe la kaburi hakuna, jina hakuna, mwaka hakuna, imebaki mifupa na bruchi begani. Utajuaje amekufa lini? Bruchi haina risiti. Marehemu hasemi. Utajuaje?

Nimekuja na nakala ya plastiki, nilichapisha kwa mashine, naomba izunguke huku naongea. Ishikeni vizuri. Mnaona ina umbo kama la msalaba. Kuna mkono unaokatiza, ncha zake mbili zina vitunguu, na kichwani pana kitunguu cha tatu. Katikati kuna upinde umeinuka kama mgongo wa paka aliyekasirika, hapo chini yake ndo kitambaa cha joho kilikuwa kinajikunja. Halafu mguu umenyooka, na nyuma ya mguu kuna kamfereji kembamba ambamo ncha ya pini inalala isikuchome. Waingereza waliifananisha na upinde wa mtambo wakaipa jina hilo, Wajerumani wakaona vitunguu wakaiita kwa vitunguu. Mimi niko na Wajerumani kwa hili, bruchi ya vitunguu.

Hii haikuwa urembo wa kina mama. Ilikuwa ya wanaume, na si kila mwanaume, ni askari na maofisa wa serikali, unafungia joho kwenye bega la kulia. Karne ya 4 na kwenda mbele ukimwona mtu kaivaa unajua huyu anakula mshahara wa kaisari, kama sisi tunavomjua mtu wa benki kwa ile kamba ya kitambulisho shingoni. Kuna jenerali mmoja mkubwa sana anaitwa Stilicho, amechongwa kwenye pembe ya ndovu kama mwaka 395 hadi 400 hivi, ubao wenyewe uko Monza kaskazini mwa Italia mpaka leo, na begani kwake iko. Tena angalieni hili: sisi wa akiolojia tunaichora vitunguu vikiwa juu, vitabu vingi viko hivo, makabati ya makumbusho mengi yako hivo, kumbe Stilicho kavaa mguu ukitazama juu na vitunguu vikitazama chini. Yaani tumeigeuza kichwa chini miguu juu na tumezoea.

Sasa tuingie kwenye tarehe. Naanzia kwa bibi yangu.

Bibi alikuwa na kopo la maziwa ya unga chini ya kitanda, Tanga, la kutunzia chenji za zamani ambazo hazinunui kitu. Sisi wajukuu tukizichezea. Mlikuwa na senti kumi yenye tundu katikati, ya mwaka 1942, ya yule mfalme George. Mlikuwa na zingine za tundu zimesuguka mpaka hazisomeki. Na mpya kuliko zote ilikuwa shilingi yenye kichwa cha Nyerere, 1966. Bibi alifariki 1999. Haya niambieni, mtu akilifukua lile kopo baada ya miaka elfu moja na mia tano, akasoma sarafu zote, atasema kopo ni la lini?

Mzee mmoja hapo mbele kasema 1942. Hapana mzee wangu. Ile ya 1942 haituambii kitu, kwasababu ile ya 1966 imo humohumo. Kopo haliwezi kuwa limefungwa kabla ya 1966. Hilo ni la uhakika, hata mahakamani unaapa. Lakini baada ya 1966 lini? Hapo ndo kimya. Inaweza kuwa 1967, inaweza kuwa 1999, na kweli ilikuwa 1999, miaka 33 ya ziada ambayo sarafu haijui chochote.

Kaburi la Mrumi liko hivohivo. Baadhi ya marehemu waliwekewa sarafu, mkononi au mdomoni au pembeni, na sarafu za Kirumi zina jina na sura ya kaisari kwahiyo tunajua zimepigwa lini, wakati mwingine tunabana mpaka miaka michache. Sarafu ikiwa na bruchi kaburi moja, basi bruchi imepata shahidi. Lakini ni shahidi wa upande mmoja tu: anasema si kabla ya hapa. Hasemi si baada ya pale. Nitarudia hii mpaka mchoke: si kabla ya hapa. Si kabla ya hapa.

Ndo maana tunaitazama sarafu kwa lenzi kabla hatujamwamini. Kama pua ya kaisari bado imechongoka na herufi zina kingo kali, pengine haikuzunguka mifukoni muda mrefu. Kama imelainika kama peremende iliyomumunywa, hiyo imepita mikono mingi, ongeza miaka.

Sasa basi, wengi wa marehemu hawana sarafu kabisa. Wana bruchi tu. Hapo ndo wanakuja watu wa maumbo.

Miaka ya 1870 kule Stockholm kulikuwa na mabwana wawili wa makumbusho, Oscar Montelius na Hans Hildebrand, na kitu kimoja walichokomaa nacho ni bruchi. Montelius alikuja kutoa mfano ambao mimi naupenda sana. Alisema tazameni mabehewa ya treni. Behewa la kwanza kabisa la abiria lilifanana na nini? Na gari la farasi! Mtu alishatengeneza mashine ya mvuke lakini kichwani mwake gari la abiria ni lile la farasi, akalichukua akalibandika kwenye reli. Likafuata jingine limenyooka kidogo, jingine limerefuka, mpaka likawa behewa kweli. Kwahiyo hata ukipewa mabehewa yote yamechanganywa bila tarehe, unaweza kuyapanga, na lile lenye sura ya gari la farasi unaliweka mwanzo.

Na hii bruchi yetu? Haya, ule mkono unaokatiza, wenye vitunguu, kazi yake nini? Kwenye bruchi za mwanzo pale palikuwa na springi, waya umejiviringa kushoto na kulia, unaisukuma pini. Mkono ulikuwa wa kazi. Baadae mafundi wakaachana na springi wakaweka bawaba, kama ya mlango, na bawaba inataka nafasi ndogo tu pale katikati. Mkono ungeondoka. Haukuondoka! Ulibaki, ukanenepa, ukaota vitunguu. Ni kama vile vifungo kwenye mkono wa koti la suti, hebu kaka tuonyeshe, wewe hapo wa suti, umevaa vifungo vitatu hapo kwenye kiganja, vinafunga nini? Havifungi kitu. Basi fundi wa bruchi na fundi wa suti ni ndugu.

Vitu vinavobadilika ni hivi, na mkivijua mnaweza kwenda makumbusho mkajidai. Vitunguu: mwanzoni vidogo, vya duara, kama mbegu, halafu vinavimba mpaka kweli vinakuwa vitunguu. Mguu na upinde: mwanzoni upinde ni mrefu kuliko mguu, kadiri miaka inavokwenda mguu unarefuka na upinde unafupika mpaka mguu unashinda. Mapambo kwenye mguu: vijiduara, vijipinda, mistari. Na mwishoni kabisa, karibu mwaka 400 na kuendelea, zinatokea zilizotengenezwa kwa bati jembamba, ndani tupu, na kitunguu kimoja kina nati za skrubu, unakizungusha kinafunguka kama kifuniko cha chupa, pini inatoka. Skrubu jamani, karne ya 5!

Mwaka 1971 Mjerumani anaitwa Erwin Keller akachapisha kazi yake juu ya makaburi ya mwisho wa Urumi kusini mwa Bavaria. Alichukua makaburi yenye bruchi na sarafu pamoja, akapanga bruchi za vitunguu kwenye aina sita. Aina ya kwanza kama mwaka 290 hadi 320. Ya pili 310 hadi 350. Ya tatu 340 hadi 360. Ya nne 350 hadi 380. Ya tano 370 hadi 400. Ya sita ndo hiyo ya skrubu. Watu walifurahi sana, maana sasa unatoa bruchi kwenye udongo, unaifuta kidogo, unafungua ukurasa, una tarehe. Mpaka leo nasikia watu wanaitana kwenye kontena, njoo uone Keller 3 hii.

Lakini hebu tuulizane. Aina ya tatu, 340 hadi 360. Miaka 20. Nani hapa ana koti lenye umri wa miaka 20? Naona mikono. Mimi mwenyewe ninalo. Sasa kama koti tu linakaa miaka 20, bruchi ya shaba iliyopakwa dhahabu, kitu cha heshima, cha kazi, utaitupa kwasababu mtindo umebadilika, mguu umerefuka nusu inchi? Kuna mwenzake Mjerumani, Philipp Pröttel, 1988 akazipitia upya, aina ya tatu na ya nne akaziunganisha ikawa moja kwasababu kusema kweli hazitenganiki, akaongeza ya saba kule mwisho, na muda wa aina kadhaa akautanua. Mimi naona alifanya la maana. Tarehe nyembamba inapendeza, ila tarehe nyembamba isiyo na ushahidi ni sawa na nguo inayobana, inaonekana vizuri mpaka ukae chini.

Kwahiyo nataka mshike hivi. Bruchi haina tarehe moja. Ina tarehe tatu. Siku iliyotoka kwa fundi, miaka iliyokaa begani, na siku iliyoshuka kaburini. Umbo linakupa ya kwanza. Sisi tunataka ya tatu. Na katikati pale kuna maisha ya mtu mzima.

Nitawapa moja niliyoishika mwenyewe, ya kaburi moja huku kusini, sitaji wapi maana ripoti bado. Ilikuja kwenye bonge la udongo, tukaipiga eksrei kwanza. Kitunguu kimoja hakipo. Kila mtu akadhani kimevunjika ardhini, au mchimbaji amekigonga na koleo, yule kijana wa watu akaanza kujitetea. Ilipokuja kusafishwa tukaiweka chini ya darubini, pale kilipokatikia pamelainika. Pamesuguliwa. Pamekuwa laini kama ukingo wa kijiko cha zamani. Maana yake nini? Maana yake jamaa alivunja kitunguu chake akiwa hai, akaendelea kuvaa bruchi ya vitunguu viwili, mwaka baada ya mwaka, joho linasugua pale, linasugua pale, mpaka jeraha likapona. Na pini yake ya shaba haikuwepo, palikuwa na pini ya chuma, yaani alishapeleka kwa fundi mara moja. Ule ukungu wa kutu ya chuma ulikuwa umekula kitambaa na kukihifadhi, unaona nyuzi kabisa, moja juu moja chini, moja juu moja chini, joho lenyewe lilishaoza miaka elfu na ushee iliyopita lakini sura ya ufumaji imegeuka kutu. Nilikaa nayo pale mpaka chai yangu ikapoa.

Sasa kwa bruchi ya aina ile, Keller anasema miaka ishirini thelathini hivi. Kovu la kitunguu linasema ongeza. Kiasi gani? Hapo mtu unatumia busara, huwezi kutumia rula.

Haya. Mtaniuliza, sasa hayo maumbo na hizo sarafu vyote vinaegemeana, nguzo ya uhakika iko wapi? Swali zuri. Zipo nguzo, chache, na kila moja ina kisa.

Ya kwanza. Tournai, leo ni Ubelgiji, tarehe 27 Mei 1653. Fundi ujenzi anaitwa Adrien Quinquin, bubu na kiziwi, anachimba msingi karibu na kanisa la Mtakatifu Brice. Koleo linagonga dhahabu. Sarafu za dhahabu zaidi ya mia, za fedha kama mia mbili, upanga, nyuki wa dhahabu kama mia tatu, na pete yenye sura ya mwanaume mwenye nywele ndefu na maneno ya Kilatini: ya Mfalme Childeric. Mnaelewa uzito wake? Kaburi lina jina! Childeric, mfalme wa Wafranki, baba yake Clovis, na tunajua alikufa 481 au 482 kwasababu hapo ndo mwanae alishika kiti. Sarafu za dhahabu za mwisho ni za kaisari Zeno, aliyeanza kutawala 474. Kila kitu kinakaa mahali pake. Na ndani ya kaburi hilo, bruchi ya vitunguu ya dhahabu. Kwahiyo zile za aina ya mwisho mwisho zina msumari uliopigwa ukutani: 481 au 482, ilikuwa inavaliwa bado, na mfalme anayeitwa mshenzi, lakini joho lake amelifunga kama ofisa wa Kirumi.

Kichekesho ni kwamba daktari aliyeandika kitabu cha hazina ile, Jean-Jacques Chifflet, 1655, bruchi hakuijua. Aliona kitu kirefu cha dhahabu chenye ncha akadhani ni kifaa cha kuandikia! Mfalme na kalamu yake. Lakini tusimcheke sana, kwasababu aliichora vizuri, na usiku mmoja wa Novemba 1831 wezi waliingia maktaba ya mfalme kule Paris wakabeba karibu hazina yote, wakayeyusha. Bruchi ya Childeric haipo tena. Tunayo michoro ya daktari aliyedhani ni kalamu. Wale nyuki mia tatu wamebaki wawili.

Ya pili. Uskoti, karibu na Moffat, pahala panaitwa Erickstanebrae, mwaka 1787. Hii si ya kaburini, iliokotwa, lakini naileta kwasababu imeandikwa. Ya dhahabu, na pembeni pametobolewa herufi zinazomtaja kaisari wa ukoo wa Jovi, yule mungu mkuu wa Warumi, na nadhiri za miaka 20. Kaisari aliyejiita wa Jovi na kusherehekea miaka 20 ni Diocletian, na sherehe yake ilikuwa mwaka 303. Yaani hii ilikuwa zawadi ya serikali, kama zile fulana za uchaguzi ila ya dhahabu. Kwahiyo kule mwanzoni mwa mstari tuna 303, kule mwishoni tuna 481. Katikati ndo kazi ya akina Keller.

Ya tatu si bruchi, ni mkanda, mtanivumilia ni jirani yake, mkanda na bruchi ni sare moja. Fallward, karibu na Wremen, pwani ya kaskazini ya Ujerumani, nje kabisa ya mpaka wa Warumi. 1994 walikuta mwanaume amezikwa ndani ya mtumbwi, ana kiti kimechongwa kwenye gogo zima, ana kijistuli cha miguu kina maandishi ya kale, na ana mkanda wa jeshi la Kirumi. Udongo wa tope la pwani haukuruhusu mbao kuoza. Na mbao ina pete zake, mwaka wa mvua pete nene, mwaka wa ukame pete nyembamba, unalinganisha na miti mingine unahesabu. Ikatoka 431. Si kama 431. Mia nne thelathini na moja. Mwanajeshi alimaliza kazi kwa Warumi akarudi kwao akazikwa na mkanda wake. Sasa ukikuta mkanda wa namna ile mahali pengine pasipo na mbao, unajua mtindo ule ulikuwa bado uko kiunoni 431.

Kijana mmoja aliniuliza jana kwenye simu, kwanini msipeleke maabara tu? Kaboni 14, kile kipimo cha umri, si ipo? Ipo. Lakini kwanza shaba haipimiki kwa kaboni, inapimwa mifupa ya marehemu. Pili, jibu linakuja kama upana, na kwa karne hizi upana wenyewe mara nyingi ni mia na kitu, yaani unaambiwa huyu ni kati ya 250 na 400, ahsante sana, hilo nilishalijua nilipoona bruchi. Na kama marehemu alipenda sana samaki wa baharini ndo kabisa, mifupa inaonekana mikongwe kuliko ilivyo. Sisi watu wa pwani tungewatesa! Ila ukichukua makaburi mengi, ukayachanganya vipimo vyote na mpangilio wa vitu kwenye hesabu moja, hapo kaboni inasaidia kweli. Kwa mtu mmoja mmoja, bruchi mara nyingi inambana zaidi.

Sasa nataka niishie Winchester, hapo jirani tu kwa treni. Lankhills. Makaburi ya karne ya 4, nje ya ukuta wa mji wa Kirumi. Giles Clarke alichimba 1967 hadi 1972, makaburi zaidi ya mia nne, na watu wengine wakaendelea kuanzia 2000 hadi 2005. Bruchi za vitunguu zimo za kutosha. Clarke akaona kitu. Marehemu wengi vitu vyao vimewekwa pembeni, lakini kuna kikundi, kuanzia kama 350, hawa wamezikwa wamevaa, bruchi begani kulia, mkanda kiunoni, wanawake bangili mkononi. Akasema hawa si wa hapa, hii ni desturi ya watu wa mto Danube, kule Pannonia, Hungaria ya leo. Bruchi ikageuka pasipoti.

Miaka ikapita, wakaja watu wa isotopu. Wanachukua jino. Enameli ya jino inajengwa ukiwa mtoto, na maji uliyokunywa na chakula ulichokula kinaacha alama humo, haifutiki hata uhamie wapi. Matokeo yalitoka 2006 na mengine 2009. Kuna waliotoka mbali kweli. Lakini wapo waliozikwa kigeni kumbe meno yao ni ya hapahapa, na wapo waliozikwa kienyeji kumbe walizaliwa ng'ambo. Nyie mliokaa hapa hili linawashangaza? Mimi halikunishangaza hata kidogo. Mwanangu amezaliwa Reading, siku ya Idi anavaa kanzu. Na mimi mwenye meno ya Tanga nimekuja leo na jaketi la mvua la dukani hapa.

Na kuna mtego mwingine Lankhills, na makaburi yote ya Uingereza ya wakati ule, huu ndo unanisumbua zaidi. Sarafu zilikatika. Baada ya kama 402 shehena za sarafu kutoka bara ziliacha kuja, serikali ya Kirumi ikafifia hapa, watu wanasema 410. Sasa mtu aliyekufa 425, atazikwa na sarafu ya lini? Ya kabla ya 402, hakuna nyingine! Bruchi yake ya lini? Ya babake labda, ofisi iliyokuwa inagawa haipo tena. Unakuta kaburi, Keller 5, sarafu ya 395, unaandika mwisho wa karne ya 4, unafunga faili. Na tukifunga mafaili yote namna hiyo, karne ya 5 inaonekana tupu, kama watu waliacha kufa. Hakuna aliyeacha kufa. Wapo mle kwenye maboksi tuliyoandika karne ya 4.

Wakati huohuo kule Ravenna, kanisa la San Vitale lililowekwa wakfu 547, ukutani Kaisari Justinian amesimama na bruchi ya duara ya mawe ya thamani, na wale maofisa pembeni yake, mabega ya kulia, bado vitunguu vilevile. 547! Huku kwetu zilishasahaulika. Kwahiyo hata swali la bruchi hii inavaliwa mpaka lini, jibu linategemea uko wapi.

Mama mmoja ananyoosha mkono, ndio mama. Anauliza sisi Waislamu tukizikwa na sanda tu, hao wajukuu wa miaka elfu watatujuaje? Mama, mimi nimeshalifikiria hilo. Hawatapata hata kishikizo. Watabaki na meno.

Na wewe mdogo wangu? Kwani hatuogopi mashetani? Tunaogopa mvua. Mvua ikiingia kaburini kabla hujamaliza kuchora, hiyo ndo shetani.

Haya, mwenyekiti ananionyesha saa, chai ipo. Ile bruchi ya plastiki iko kwa nani? Imefika huko nyuma kwa watoto? Nileteeni basi. Ahsante. Ngoja… hiki kitunguu cha kushoto kiko wapi?